Makofi Ukutani

Novemba 3, 2008. Jumatatu.
Mjukuu wangu Mélissa kanipa daftari lake la shule. Ameandika kurasa mbili tu, kisha kalikataa kwa sababu lina picha ya farasi na yeye sasa ana miaka kumi na tatu. Ndiye aliyenifundisha herufi, hapa hapa kwenye meza ya jikoni, Akalla, mimi nikiwa na miaka sitini na nane. Kwetu Burundi sikukanyaga shule, na kule kambini Katumba, Tanzania, nilikuwa na jembe na watoto sita. Anasema niandike kila siku, hata mstari mmoja. Kasema kwa Kiswidi. Kiswahili anakisikia vizuri tu, ila kukijibu ndiyo shida, utadhani kina miiba.
Haya. Mvua na upepo. Nimeandika.

Novemba 4.
Mvua.

Novemba 6.
Tumepata majirani, ghorofa ya tatu kama sisi, ukuta mmoja na jikoni kwetu. Mama na mwanawe, watu wa Java, kule Indonesia. Mama anaitwa Ngatirah. Mfupi kama mimi, mkavu, nywele kazifunga kisogoni zikawa kama andazi. Nimemsalimu, kaitikia akitazama viatu vyangu. Nikasema moyoni, huyu anajidai.
Mwanawe Wiryo ndiye mtu. Ana miaka arobaini na kitu, kanibebea viazi kutoka kituo cha treni mpaka mlangoni bila kuombwa. Anicet, niliyemzaa mimi mwenyewe kwa uchungu wa siku mbili, hajawahi kunibebea hata kitunguu. Nimemwambia wakati wa chakula. Kanuna.

Novemba 11.
Leo nimejiaibisha.
Saa tisa mchana, giza limeshaanza kuingia, natwanga sombe, majani ya muhogo. Nikasikia sauti ya mwanamke ukutani, ya juu, ndefu, inayokata. Kwetu hiyo ni induru. Ukivamiwa unaipiga, na kila anayeisikia anaipokea, anaipiga na yeye, anakimbilia inakotoka. Mlima mzima, yaani kijiji chote, unakuja. Anayeisikia akakaa kimya, kesho yake anaulizwa alikuwa upande wa nani.
Nikatoka na mchi wangu mkononi, induru iko tayari mdomoni, haijatoka. Mlango wa jirani haukuwa umefungwa. Nikaingia.
Mama Ngatirah kasimama katikati ya sebule, macho kafumba, mikono kaishikanisha tumboni. Anaimba. Mwanawe amekaa kwenye kochi na gazeti.
Nikabaki nimeinua mchi. Akafumbua macho, akautazama mchi, akanitazama mimi, akatazama ndala zangu za bafuni. Akasema kwa Kiswidi chake, kilichovunjika palepale kilipovunjika changu, "Mimi nazi? Wewe kuniponda?"
Tukacheka mpaka akakaa chini sakafuni. Wiryo hakucheka. Alitikisa kichwa taratibu kama mtu aliyejifunza jambo.
Nimekunywa chai kwao, tamu hadi meno yanauma. Ni mwimbaji kumbe, na nyimbo anatunga mwenyewe.
Anicet aliporudi kazini alishasikia. "Mama! Unaingia nyumba ya watu na mchi? Hapa ni Sweden. Mtu akilia, ni mlango wake na kilio chake. Ukiona shida unapiga simu."
"Nikipiga simu nitasema nini, kwa Kiswidi hiki?"
"Niapie hutarudia."
Nimeapa. Kwenye Biblia, maana ananijua.

Novemba 18.
Leo zamu yetu na ya Ngatirah zilifuatana kwenye chumba cha kufulia. Tulikaa mbele ya mashine muda wa saa mbili. Nimwombe Mungu msamaha kwa kusema anajidai.
Alianza kuimba na miaka kumi na miwili, karibu na mji wa Solo, akipokezana na wapiga ngoma kwenye harusi. Akaolewa na mpiga ngoma, Darmo. Nyimbo zake zilihusu wanawake wanaovuna mpunga. Kwao walikuwa wanakata suke moja moja kwa kiwembe kidogo kilichofichwa kiganjani, ili mpunga usiogope. Wimbo wake mmoja ulisema: mpunga hatukuuogopesha, mbona umehamia ghala la mwenye shamba? Watu wakaupenda. Mwaka sitini na tatu akarekodi santuri. Sokoni wanawake wakauimba, mwenye shamba akaandika majina ya waliouimba.
Sitini na tano, jeshi likiwasaka wakomunisti, wakaja wakati wa mazoezi. Askari, na vijana wenye mapanga wanaowajua kwa majina. Wakamfunga Darmo vidole gumba kwa waya, nyuma. Wakampeleka mtoni yeye na wapiga ala wote. Asubuhi Ngatirah akaenda kumtafuta, akamtambua kwa mikono, maana kichwa hakikuwepo. Siku ya tatu wakamchukua na yeye. Miaka kumi na moja gerezani, hakimu hakumwona hata mmoja. Wakianza kupiga wafungwa, wanamtoa uani wanamwambia imba, imba kwa nguvu, wapita njia wasikie furaha. Akinyamaza, wanapigwa yeye na yule wa ndani.
"Mimi nilikuwa redio yao," alisema, akakunja shuka.
Wiryo alikuwa na mwaka mmoja. Aliachwa kwa mjomba aliyemlaza na nyati na kumpiga kwa fimbo ya nyati, mtoto wa wasaliti. Alipotoka gerezani, mtoto wa miaka kumi na miwili alimtemea mate.
Nikampa na ya kwangu, ya Burundi, mwaka sabini na mbili. Baba watoto na kaka zangu wawili walifungwa kamba moja, wakatupwa kwenye lori mmoja juu ya mwingine. Jioni lori likarudi, sakafu imelowa, dereva anaipiga maji.
Ngatirah akauliza, "Nani alikuja kusaidia?"
"Nilipiga induru. Waliokuja ndio waliopakiwa safari ya pili."
Mashine ikalia imemaliza. Tukatoa nguo.

Novemba 19.
Theluji ya kwanza. Sikutoka.

Desemba 5.
Msichana anaitwa Jasmin, anafanya kazi kwenye ukumbi wa maonyesho kule Skärholmen, kaja na habari. Ile santuri imepatikana moja, Uholanzi, kwenye sanduku la marehemu fulani. Wanamtaka Ngatirah apande jukwaani Machi 21, na ngoma ya Darmo, ile ambayo dada yake Darmo aliificha shimoni miaka yote. Ngatirah kashika meza. Miaka arobaini na mitatu hajaimba mbele za watu kwa hiari yake.
Kaniambia, "Mbakyu," yaani dada mkubwa kwao, "kama sitaimba Machi, basi waliniua pamoja naye, sikujua tu."
Nikamwambia utaimba hata nikikubeba mgongoni.

Desemba 9.
Wiryo kanisimamisha kwenye ngazi, mpole, kofia mkononi. "Mama Anicet, mama yangu anakusikiliza wewe. Mwambie akatae. Nyimbo zake zilimuua baba."
"Aliyemuua baba yako ni mtu mwenye panga."
"Panga lilisikia wimbo kwanza."
Akanibebea mfuko mpaka mlangoni. Nimemhurumia. Mtoto aliyelala na nyati.

Desemba 24.
Nimempelekea sombe na samaki. Wameleta wali uliofungwa kwenye jani. Wiryo kacheza karata na watoto wa kanisani kwetu. Mtu mwema, nimesema tangu mwanzo.

Januari 12, 2009.
Baridi ya kuvunja pua. Jirani kaimba, saa kumi. Na ngoma, kishindo kizito. Anajitayarisha kweli.

Januari 13.
Sina jipya.

Januari 15.
Jirani kaimba na ngoma tena. Ya juu sana leo, kama siku ile ya mchi. Mikono ikanitoka kwenye unga, lakini nimeapa, sikwenda. Nikampigia makofi ukutani, paa paa paa, nimchangamshe. Ngoma ikanyamaza kidogo, ikaendelea.

Januari 16.
Wiryo kwenye ngazi: "Asante kwa makofi." Nikamwambia wimbo mzuri unastahili.

Januari 20.
Kaimba. Ngoma. Nimepiga makofi.

Januari 23.
Kaimba polepole leo, bila ngoma. Sikujua maneno ila nilijua ni ya kumbembeleza mtu aliyekufa. Nilimenya viazi nikilia, Mélissa akaniuliza kama ni vitunguu.

Januari 28.
Kaimba. Ngoma fupi. Makofi.

Januari 29.
Nimemwona Ngatirah kwenye lifti, kajitanda skafu hadi puani, jicho moja jekundu kama nyanya. Barafu, anasema, ameteleza. Barafu ya mwaka huu mbaya, hata Roselyn, yule nesi Mkenya wa ghorofa ya pili, kavunja kidole. Nimempa mafuta ya kuchua.

Februari 4.
Nitaandika yote.
Nimeshuka chini kwenye stoo, asubuhi, kutafuta ndoo. Nikamkuta Ngatirah amepiga magoti, anafunika kitu kwa blanketi. Ngoma ya Darmo. Nikafurahi, nikavuta blanketi nione. Ngozi imechanwa pande zote mbili, msalaba, kwa kisu.
"Nani?"
Akalirudisha blanketi.
"Lini?"
"Januari, siku ya sita. Siku ya mapumziko."
Nikamwambia haiwezekani, mimi nimeisikia ngoma hiyo juzi juzi. Akainuka, akashika ukuta kama mwenye mimba.
Nikapanda juu bila ndoo. Nikafungua daftari hili la farasi. Januari 12, ngoma. Januari 15, ngoma. Ishirini, ngoma. Ishirini na nane, ngoma fupi.
Ngoma gani, Leokadia? Ngoma gani?
Nilirudi mbio, nikamkuta palepale. Nikamfungua skafu, hakunizuia. Shingo ina vidole vinne upande mmoja na gumba upande wa pili. Mbavu nyeusi, na nyingine za njano, za zamani. Nimezika watu, nimeosha maiti za mapanga, lakini nilikaa chini kwenye saruji.
"Anasema imba," alisema. "Ananipiga, anasema imba, imba kama kule gerezani. Nikinyamaza anapiga zaidi. Anasema watu wa hapa wakisikia, watajua ni mama anafanya mazoezi. Tangu siku ya mchi wako amejua wimbo wangu na kilio ni sauti moja."
"Na mimi nikapiga makofi."
"Nilisikia."
Hakuwa na hasira, nami ningemwomba hasira kwa magoti. Nikamwambia tunakwenda polisi sasa hivi, na ndala hizi hizi. Akakataa. "Nilimwacha miaka kumi na moja. Yeye naye alipigwa mahali pangu. Mwache amalize."
Nikamwambia neno ambalo siwezi kuliandika, Mélissa asije akasoma. Nikamwambia mtoto aliyepigwa ni yule wa fimbo ya nyati, namhurumia, ningempa ziwa langu. Huyu ni mwanamume wa miaka arobaini na minne mwenye mikono. Akafunga skafu. Akaniomba kwa jina la Darmo nisimwambie mtu mpaka Machi.
Sikuahidi. Nimechoka kuahidi.

Februari 5.
Kimya. Nimekaa na sikio ukutani, chakula kikaungua. Nimemweleza Anicet kila kitu. Kasema tupige simu. Tumepiga. Wamekuja polisi wawili, Wiryo kawapa chai. Ngatirah kasema ameteleza. Wameondoka.

Februari 7.
Kimya. Wiryo kanisalimia. Sikuitika.

Februari 10.
Saa kumi jioni. Ikaanza. Sauti ya juu, na kishindo. Wimbo, kishindo, wimbo, kishindo.
Anicet yuko kazini. Nikamwambia Mélissa piga simu, jifungie. Nikachukua mchi. Nilimwomba Mungu anisamehe kile kiapo, nikaona hata jibu silisubiri.
Mlango umefungwa. Nikaupiga kwa mchi. Wimbo ukapanda. Basi nikageukia ngazi, nikaweka mkono mdomoni, nikapiga induru. Ile ya kwetu, ya sabini na mbili, ambayo sikuwahi kuipiga tangu siku ile, maana iliwaua waliokuja. Ikashuka ghorofa zote na kurudi. Hakuna mlango uliofunguliwa. Niliona tundu za milango zinatiwa giza, mtu nyuma yake anatazama. Nikapiga ya pili. Ya tatu.
Chini mlango ukagonga. Roselyn akapanda, mikono ina povu la vyombo. "Mama, ni nini?"
"Anamuua!"
Hakuuliza nani. Akapiga yake, ya Kikenya, hata haifanani. Juu akatoka mama Msomali na mabinti zake, nao wakapiga. Na yule bibi Mswidi, Gunnel, ambaye miaka mitatu hajanisalimia, akatoka na sufuria na kijiko anaipiga kama kengele ya moto. Ngazi nzima ikawa kinywa kimoja.
Wiryo akafungua. Uso ule ule wa upole, amefunga vifungo vyote vya shati. "Samahani kwa kelele. Mama anafanya mazoezi." Kwenye upindo wa mkono wa shati, damu.
Nikampiga mchi kwenye goti. Akaanguka, akanikamata, akanirusha kwenye vyuma vya ngazi. Nilisikia mfupa wa mkono wa kushoto ukisema ka. Akanipiga teke la tumbo, akainua la pili, Gunnel akamshushia sufuria kichwani, na Roselyn, ambaye si mdogo, akamkalia mgongoni. Hapo akaanza kulia kwa sauti ya mtoto, anaita mama.
Nikatambaa ndani.
Ngatirah alikuwa chini jikoni, mgongo kwenye jiko. Taya limehama mahali pake, linaning'inia upande. Meno sakafuni. Na alikuwa bado anaimba. Sauti ilikuwa inatoka bila maneno, na damu, anaipandisha palepale inapotakiwa kupanda, macho ameyakaza ukutani, ukuta wangu. Hakuna aliyemwambia aache.
Nikamwambia, "Basi, mdogo wangu. Nimekuja. Basi."
Ilichukua muda kukoma.

Februari 12.
Mkono una plasta nzito. Anicet alikaa kando ya kitanda. "Mama, mimi ndiye niliyekuapisha."
"Ndiyo. Nenda ukaninunulie viazi, na uvibebe mwenyewe."

Februari 17.
Hospitali, chumbani kwa Ngatirah. Taya wamelifunga kwa waya. Kaniandikia kwenye karatasi: *waya tena.*
Polisi mwanamke kaja mara ya tatu. Ngatirah anafumba macho tu. Bila neno lake, polisi alisema, Wiryo atashtakiwa kwa kipigo cha siku moja tu, na atarudi mapema kwenye mlango ule ule. Nikatoa daftari. Mélissa alikuwa nami. Nikamwambia soma.
Akasoma Kiswahili changu kwa sauti, na kukigeuza Kiswidi, neno kwa neno, hakujikwaa. Miaka yote hiyo kanificha!
Nikamwambia Ngatirah, "Usimshtaki mtu. Mimi nimeandika nilichosikia. Niambie tu kama masikio yangu ni mabovu."
Januari 12. Macho yamefumbwa.
Januari 15. Mélissa akafika penye makofi, sauti ikamkatika, nikamwambia soma, hilo ni langu. Ngatirah akafumbua macho, akanitazama muda mrefu. Akaitikia kwa kichwa. Akarudisha kidole kwenye kumi na mbili, akaitikia na hiyo. Ishirini, akaitikia. Polisi anaandika.
Januari 23. Akatikisa kichwa. Hapana. Akachukua kalamu: *Siku hiyo niliimba.*
Ishirini na nane, akaitikia.

Machi 7.
Herménégilde, anayepiga ngoma kanisani kwetu, kaivika ngoma ya Darmo ngozi ya ng'ombe. Nikamwambia usiikaze kama ya Burundi, hii si ya kumwamsha mfalme. Akasema, "Mama Leokadia, kazi ya ngozi niachie mimi, wewe kaa na mdomo." Ngatirah akacheka kwa pua, kisha akashika taya kwa maumivu.

Machi 14.
Wiryo yuko rumande. Ngatirah kampelekea sweta.

Machi 21.
Ukumbi wa Skärholmen ulijaa. Watu wa Java, Warundi wetu na vitenge, Gunnel mstari wa mbele bila sufuria.
Waya bado uko kinywani mwa Ngatirah. Kapanda kavaa batiki na blauzi ya kijani, akakaa na ngoma mapajani. Jasmin akaweka santuri. Ikakwaruza, ikaimba, sauti ya msichana wa miaka ishirini na miwili, laini, inamuuliza mwenye shamba swali lake. Na chini yake mpigaji, Darmo, mwaka sitini na tatu. Ngatirah akapiga naye. Mikono yake miwili juu ya mikono ya marehemu.
Karibu na mwisho santuri imevunjika ukingo, sauti inapanda halafu inakatika. Nilijua. Tulikubaliana. Akapiga ngoma peke yake, akanigeukia.
Nikasimama na plasta yangu, nikaweka mkono mdomoni, nikapiga.
Roselyn akaipokea. Kisha wanawake wetu wote, maana ukiisikia huwezi kukaa. Kisha Wajava, ambao hawajawahi kuisikia maishani, wakasimama na kuipokea kwa sauti zao. Hakuna aliyepiga makofi. Niliwaomba kabla.

Machi 22.
Theluji inayeyuka, maji yanadondoka kwenye dirisha. Ukuta kimya tangu asubuhi.
Nimeenda kugonga, nijue ni kimya cha namna gani.
Mlango ulikuwa wazi, nikaingia. Alikuwa amelala. Nimembandikia uji.